Shimo la Mronge

Kila ninaponusa majani ya mronge yakichemka, iwe Junju nilikopanga au kibandani pale Gede, mkono wangu hujipeleka shavuni. Hapo ndipo jiwe liliponipata.

Kaka yangu alikuwa amegeuka manjano, macho hadi viganja. Daktari wa Kilifi alimwambia ini limeharibiwa na pombe ya mnazi. Kuna majani huenda yakalikinga ini, alisema, lakini hakuna jani la kushindana na mtungi wa kila siku. Kaka akaacha mnazi. Shangazi yetu, aliyetulea Vitengeni, akachukua jembe kumtafutia dawa.

Kwetu, anayechimba mzizi wa dawa hufukia shimo papo hapo na kushindilia kwa kisigino, ili ugonjwa ubaki chini. Shimo likifunguliwa, dawa imekufa. Shangazi alichuma majani ya mronge wa mpakani na jirani, akachimba na mzizi wake, akafukia. Siku ileile mtoto wa jirani akashikwa na degedege, na jirani akauona ule udongo mbichi.

"Fingo!" alipiga kelele. "Ametufukia uchawi!"

Walikuja mchana kweupe, vijana tuliocheza nao mpira, mapanga mkononi.

"Toka, bibi! Utuonyeshe ulichofukia!"

"Nimechimba dawa ya mwanangu," shangazi alisema mlangoni.

"Dawa gani ya kufukiwa? Mvi zote hizo, bado hujashiba watu?"

Rungu likamvunja mkono. Niliusikia ukivunjika kama muhogo mkavu. Nilijitupa juu yake, jiwe likanipasua shavu. Kupitia damu nikaona mmoja wao anafungua dumu la petroli.

Kaka akatoka chumbani akijishikilia ukutani, tumbo limemvimba.

"Nifuateni mpakani," alisema. "Mkikuta fingo, nichomeni mimi kwanza."

Hapo ndipo shangazi alipolia. Mkono haukumliza. "Usifungue, baba! Usilifungue!"

Kaka alipiga magoti akafukua kwa kucha. Udongo. Mawe. Kipande cha mzizi uliokatwa. Hakuacha, hata pale ambapo hapakuwa na kitu tena, hadi vidole vikatoka damu. Mwenye dumu akalifunga. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani.

Jirani alibaki amesimama. "Basi lifukie," alisema polepole.

"Nifukie nini?" kaka alimjibu. "Dawa imeshakufa."

Jikoni sufuria ilikuwa bado inatokota. Shangazi, mkono umefungwa kwa leso, aliimwaga yote uani. Alfajiri nikamwona anatoka na jembe, analiburuta kwa mkono mmoja. Alikataa nimsaidie.

Alipoleta kikombe, kaka alimuuliza kama safari hii amefukia.

"Nimeliacha wazi. Kila apitaye aone."

"Basi haitanifaa, shangazi."

"Kunywa."

Kaka aliutazama ule mkono uliofungwa, akanywa mpaka machicha.