Vidonge Bila Chakula

Nilianza kutapika Jumatatu, wiki ya sita baada ya kumzika mume wangu. Sikushtuka. Siku hizo hakuna kilichonishtua. Nilipiga simu kazini Westlands kusema sitafika, nikameza vidonge vyangu vya ugonjwa wa sukari kama kawaida. Mume wangu ndiye aliyezoea kuniuliza, "Umemeza?" hata kabla ya salamu. Kumeza ndilo jambo pekee nililokuwa bado nikilifanya sawasawa.

Jumanne nikaharisha pia. Chai haikukaa tumboni, maji hayakukaa. Sikula, ila vidonge nilimeza. Mashine ya kupima sukari ilikuwa kabatini, sikuigusa. Adhuhuri jasho baridi likaniloa shingo. Nilikaa sakafuni nikiitazama mikono yangu ikitetemeka, kama ya mtu mwingine.

Mama mwenye nyumba, mzaliwa wa hapo hapo Kinoo ninakoishi, alikuja kuuliza mbona mfereji wa nje unamwagika. Akanikuta.

"Mbona uko chini? Umekula?"

"Hapana."

"Na dawa?"

"Nimemeza."

Mama yake mwenyewe aliugua sukari miaka mingi, kwa hivyo hakuniuliza zaidi. Alikoroga maji ya sukari, akanishikia kikombe hadi mtetemeko ukapungua. Kisha akaita teksi, tukaenda kliniki moja Kangemi.

Daktari alinitoboa kidole, akanitundikia dripu.

"Nani alikuambia umeze bila kula?"

"Hakuna aliyeniambia niache."

Akavitenga vidonge mezani. "Hii dawa kubwa, ukitapika na kuharisha hivi, tunaisimamisha mpaka ule na unywe vizuri. Hii ndogo ndiyo imekushusha sukari. Usiirudie kabla sijakuona tena. Lakini ukishikwa na homa, sukari inaweza kupanda hata kama hujala, kwa hivyo pima kila baada ya masaa machache. Kunywa maji kidogo kidogo. Yakikataa kukaa, rudi hapa mara moja."

Mama mwenye nyumba aliyaandika yote nyuma ya kadi yangu. Mimi nilikuwa nikitazama dripu ikidondoka.

Alhamisi uji ulikaa. Ijumaa daktari akanirudishia vidonge vyote. Mama mwenye nyumba aliniletea viazi vya kuchemsha, akakaa mpaka nikamaliza.

"Umeshalia?" aliniuliza.

"Bado."

"Sawa," akasema, akachukua sahani.

Jumatatu nilirudi kazini. Mwenzangu mmoja akanishika bega mlangoni, "Pole sana." Sikujua kama ni pole ya ugonjwa au ya msiba. Nikamjibu, "Asante," nikawasha kompyuta.