Mayai Mawili Katika Mkate wa Mapichi

Bati likiwekewa makaa juu yake hutoa harufu kavu ya kuungua, na maji ya matunda yakifurika pembeni mwa sufuria na kudondokea jivu, harufu hiyo hugeuka ikawa tamu. Nikiinusa najikuta nimerudi katika jiko la mama yangu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Oyugis, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na umri wa miaka tisa. Mama anapika mkate wa mapichi. Ulikuwa upishi rahisi, na mwenyewe aliuita mkate wa wavivu. Alijifunza kuupika akiwa msichana, alipokuwa akiosha vyombo katika jiko la misheni huko kwao Kisii, na mapichi yenyewe yalitoka huko huko milimani, madogo na magumu, yenye manyoya kama sikio la ndama. Aliyakata vipande bila kuyamenya, akayatandaza chini ya sufuria, akayanyunyizia sukari guru iliyopondwa. Juu yake alimimina rojo zito la unga wa ngano, maziwa ya mala, samli, na magadi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Kisha alifunika kwa bati, akapanga makaa juu, akapunguza moto chini. Ukimuuliza utaiva lini, alikwambia uiulize pua yako.

Mama alikuwa Mkisii aliyeolewa Ujaluoni, na nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Dani, alikuwa hajala chakula cha Mama tangu aletwe pale. Simsingizii Dani. Hakuwahi kumtukana Mama wala kumkatalia sahani. Kila jioni nilimpelekea chakula kutoka jikoni kwetu, naye alikipokea kwa mikono miwili, akasema “ero kamano”, yaani asante, kisha akaniambia tumbo lake si zuri leo, akawagawia wajukuu. Tumbo hilo lilikuwa baya kwa miaka kumi. Alimwita Mama “mgeni wetu”. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama jembe alikuwa nalo, na mpini wake alikuwa ameubadilisha mara mbili, lakini ugeni haukumtoka. Baba alikuwa karani Homa Bay na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mambo haya hakuyaona, au aliona heri asiyaone.

Januari ile meno ya Dani yalikuwa yamebaki machache, na mahindi ya kuchemsha yalikuwa yamemshinda. Nilimpelekea bakuli la mkate wa mapichi kama nilivyopeleka kila kitu, nikasimama kungoja habari za tumbo. Alichovya kidole kwenye rojo la matunda, akakiramba. Akachukua kijiko. Nilikaa pale mpaka bakuli likabaki tupu, kisha nikalikimbiza kwa Mama na kumwonyesha. Mama alilitazama ndani, akaligeuza, akalitazama tena, halafu akaenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Tangu siku hiyo alipika mkate ule kila siku ya soko, na kila mara bakuli lilirudi tupu. Wiki ya tatu Dani alituma neno mwenyewe kwamba Jumapili wake wenzake wawili wangekuja kwake, na kwamba ingefaa mgeni wetu apike ile kitu yake.

Nadhani hakuna harusi iliyotayarishwa kwa wasiwasi kama sufuria ile. Jumapili yenyewe Mama alichelewa kanisani, akawa ameniachia kazi ya kukata mapichi na kukoroga unga. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa upishi aliyetufundisha kwamba unga wenye yai huumuka na kupendeza. Nilitaka mkate wa siku ile uumuke kuliko yote. Kuku wa Dani alikuwa akitaga ndani ya kikapu nyuma ya nyumba yake, na mimi ndiye niliyezoea kumwokotea mayai. Nikachukua mawili, nikayavunja ndani ya unga, nikayafukia maganda kwenye jivu. Nilijua vizuri kwamba wanawake wa rika la Dani hawali mayai. Walikuwa wamelelewa hivyo: kuku na yai ni vya wanaume na wageni, na mwanamke mwenye heshima zake hata hanusi. Hilo nilikuwa nimelisikia tangu nizaliwe. Lakini akilini mwangu yai lililovunjwa na kukorogwa halikuwa yai tena.

Mkate uliumuka mpaka ukalisukuma bati. Wale bibi watatu walikula kwa vijiko vya Krismasi, taratibu, wakipumua kwa pua. Mmoja akauliza mbona leo umekuwa wa manjano hivi. Mama, ambaye hakujua lolote, akajibu kwa unyenyekevu kwamba huenda magadi yalizidi. “Basi yazidi kila siku,” yule bibi akasema, wakacheka wote, na Dani akacheka akimtazama Mama usoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, nikijiona nimeokoa ukoo mzima.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya jiko hujulikana na mwenye kuzoa jivu. Alasiri Mama alikuja na maganda mkononi.

“Adhiambo, haya ni ya nini?”

Nikamweleza. Nikamweleza hata habari za mwalimu.

“Nani mwingine anajua?”

“Hakuna, Mama.”

Niliona kesi imekwisha. Wageni walikuwa wamekwenda zao, Dani alikuwa ameshiba na wala hakuwa mgonjwa. Mama alinawa mikono, akafunga kitambaa chake upya, akaenda nyumbani kwa Dani. Nilimfuata nikajibanza nyuma ya ghala, nikamsikia akisema kwa Kijaluo chake chenye lafudhi ya milimani, “Mama, mkate wa leo ulikuwa na mayai. Ni mimi niliyeyatia. Naomba unisamehe.” Dani akasema, “Rudi kwako, mgeni wetu,” basi. Mama alirudi akanikuta tayari ninalia, maana nilitegemea kiboko. Hakunichapa. Aliniambia, “Mtu akila kwako kitu asichokijua, hajala kwako. Umemlisha tu, kama unavyomlisha ndama.” Akaendelea kuosha sufuria.

Jioni iliyofuata Dani alipokea sahani kwa mikono miwili na kusema tumbo lake si zuri. Hali ikawa hiyo kwa muda wa mwezi. Mama alipika kama kawaida na hakulalamika, lakini alikonda, na nikimwona akikonda nilikuwa nikijiapiza usiku kwamba kesho nitakwenda kwa Dani niseme kweli. Kesho ilipofika nilikuwa na kazi nyingine. Niliogopa. Sina maneno mazuri zaidi ya kulieleza jambo hilo.

Msimu ulipokaribia kwisha, na vikapu sokoni vikawa vinaonyesha tako, Dani alikuja jikoni kwetu asubuhi na kigoda chake mwenyewe. Alikiweka karibu na mafiga, akakaa, akaegemeza fimbo gotini. Hakueleza amefuata nini. Mama alielewa. Alileta kila kitu mbele yake na kukitaja kabla hajakitia: haya ni mapichi, Mama, hii ni sukari guru, huu ni unga, haya ni maziwa, nimeyagandisha tangu juzi. Dani aliitikia kwa kichwa kila mara, kama mzee wa baraza. Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikasogea na kikopo cha magadi. Fimbo ikanyooshwa mbele ya tumbo langu.

“Wewe kaa mbali na unga,” Dani akasema. “Kuku wangu alitaga saba, nikakuta matano. Mama yako hajawahi kutia mkono kwenye kikapu changu.”

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mama hakuinua uso. Dani aliishusha fimbo, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Mama aletwe katika boma lile akamwita kwa jina la mwenye nyumba. “Min Adhiambo,” alisema, yaani mama yake Adhiambo, “endelea, moto unazima.” Alikula hapo hapo jikoni, mkate bado unatoa mvuke, na alipomaliza akaomba tena.

Sasa nakaa Homa Bay na umri wangu umempita Dani wa siku zile. Mapichi yako dukani ndani ya mikebe, yamekwisha kumenywa, na jiko langu la gesi halitaki mtu apange makaa. Wajukuu wangu wa kike hula mayai kila asubuhi, nami nayala pia. Sioni sababu ya kuulilia mwiko uliowanyima wanawake chakula kizuri. Kinachoniuma ni kwamba Dani alizikwa kabla sijamwambia kwa kinywa changu, ingawa alijua, na ingawa nilikuwa na miaka saba mizima ya kusema baada ya siku ile. Mke wa mwanangu ni Mkuria, kutoka upande wa mpakani, na hapa haiishi wiki hajaniletea chakula ndani ya bakuli lenye kifuniko. Mimi nakila chote bila kuuliza, kisha najisifu kwa majirani kwamba sisi wa leo hatuna ubaguzi. Dani alichukua miaka kumi kukibeba kigoda chake hatua arobaini mpaka jikoni kwa Mama. Mimi nimekula chakula cha huyu mke wa mwanangu miaka sita, na sijui jiko lake liko upande gani wa nyumba.