Minazi ya Kisimani

Kahaso alikuwa ameezeka nusu ya Watamu na mwenyewe akilala jikoni kwa watu.

Ukipita ufuoni ukaona zile nyumba za wageni zenye mapaa marefu yaliyozishukia mpaka machoni kama kofia ya mtu anayewakwepa wadai, jua makuti yake mengi yamepita mikononi mwake. Hulikunja jani la mnazi juu ya kijiti, hulishona kwa kamba ya mlala, hulikunja la pili, mpaka kuti lijae. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu mithili ya visigino. Lakini nyumba yake mwenyewe, pale Dabaso, ilikuwa na kuta za udongo zilizokandikwa vizuri, boriti na fito juu, basi. Juu ya fito, mbingu. Ilikaa kama sufuria iliyopotelewa na kifuniko, na wapangaji wake walikuwa kunguru.

Yeye na binti yake Mbeyu walijibanza jikoni kwa kaka yake, kando ya mafiga. Mtoto alikohoa moshi hadi akawa na sauti ya kibabu. Na kila asubuhi wifi aliuliza, kwa ulimi mtamu kama dawa ya panya, "Wifi yangu, lile paa lako litaota lenyewe?"

Masika yalikuwa yamepiga hodi. Ukuta wa udongo usio na paa, masika yakiushika, hurudi kuwa tope. Kahaso alijua kwamba mvua ikimkuta hivi, jasho lake lote litateremka taratibu kuelekea hori la Mida, na yeye atabaki na wifi.

Sasa mshona makuti anakosaje makuti? Hapo ndipo anapoingia Ngowa.

Ngowa alikuwa mdogo wa marehemu babake Kahaso, mwenye shamba la minazi la ukoo na biashara ya makuti. Alikuwa na kitambi cha heshima na mkono uliosifiwa kuanzia Gede mpaka Matsangoni. Hapakupita matanga, harusi wala ubatizo asisimame kutoa. Watu walimwita Mkono Wazi. Ulikuwa wazi kweli, ila hakuna aliyewahi kuchungulia kama ndani mna kitu.

Siku babake Kahaso alipozikwa, Ngowa alimshika bega mbele ya waombolezaji wote. "Ndugu zangu, huyu si yatima. Huyu ni wangu. Kuanzia leo nampa minazi mitatu. Nazi zake, makuti yake, kivuli chake!"

Wanawake walilia upya. Na si ajabu. Kwa watu wa huku mnazi si lazima uufuate udongo. Shamba laweza kuwa la huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule. Kupewa mnazi mbele ya watu ni kupewa ng'ombe anayekamwa angani.

Baadaye, watu walipoondoka, alimpeleka faraghani akamwonyesha yenyewe: mitatu iliyosimama karibu na kisima, mirefu, imejaa. Akaongeza neno kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha mfupa ndani ya wali. "Desturi ya ukoo, mwanangu, mnazi wa zawadi haukwewi mpaka aliyetoa aufungue mwenyewe. Tutachinja jogoo, ndipo mkwezi apande. Wewe ngoja."

Kahaso akangoja. Na katika kungoja akaitwa aje afagie uwanja, maana sasa ni mtoto wa nyumbani. Akaitwa apikie wageni. Akaitwa ashone makuti ya biashara, na huko ndiko alikosahauliwa. Alilipwa unga na sifa, unga ukiwa mchache kuliko sifa. Na mtu aliyepewa minazi mitatu ataanzaje kutaja ujira? Ataambiwa hana shukrani, na huku pwani heri uitwe mwizi.

Kilichomchefua zaidi ni makuti yenyewe. Ngowa alimfundisha namna ya kufunga mzigo wa kupeleka hotelini. "Ya juu na ya chini shona nene. Ya katikati, tandaza. Mzungu hachungulii katikati." Basi akashona ya katikati, membamba, jani hapa na jani kule. Ukiliinua moja unaliona jua lote kama kwenye kung'uto la tui. Jioni alinawa mikono mara mbili, na bado aliiona michafu.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, alimwendea na kazi yake, akakaa kwenye mkeka wake wa kushonea. Ngowa alikuwa kibarazani ametoka kula samaki, mafuta yanang'aa mpaka kidevuni.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Masika yanakuja, na nyumba yangu iko wazi. Ningeomba ile minazi uifungue, nipate makuti."

Ngowa alichomoa kijiti kwenye kuti alilokuwa akilishona Kahaso, akachokonoa meno, akatema kilichotoka juu ya majani yale yale. "Kahaso, mnazi una miguu? Mnazi hautoroki."

"Mnazi hautoroki, lakini ukuta utatoroka."

"Una maneno, wewe! Kama marehemu." Akacheka, akaingia ndani kulala. Kahaso aliliangalia lile tonge la samaki juu ya jani. Akalifuta kwa ncha ya leso. Akaendelea kushona.

Jumamosi iliyofuata ikawa harusi ya Kabibi, binti wa ndugu mwingine wa ukoo huo. Harusi ilifanyika kwa Ngowa, kwa kuwa uwanja wake ni mkubwa na hapendi jambo litokee mbali na yeye. Kahaso alikuwa kwenye masufuria tangu alfajiri. Mbele, kwenye viti vya heshima, palikuwa na fundi Musyoka, anayeezeka mahoteli. Jumatatu lori lake lingekuja kubeba shehena ya makuti iliyorundikwa nyuma ya banda. Kila kuti la shehena ile lilikuwa limeshonwa na Kahaso.

Ukafika wakati wa kutuza. Ngowa akashika maikrofoni, na maikrofoni kwa Ngowa ni kama tembo la mnazi kwa wengine: akiionja haachi.

"Kabibi, mwanangu! Hutatoka kwetu mikono mitupu!" Vigelegele. "Nakupa minazi mitatu!" Vigelegele tena. Hapo ndipo angenyamaza, kama alivyonyamaza siku zote mbele ya watu asitaje ni ipi. Lakini utamu ulimzidi. "Si minazi ovyo ovyo! Ni ile mirefu mitatu ya pale kisimani!"

Upawa ukamganda Kahaso mkononi.

Kando yake alikuwa Garama, binamu yake, aliyesomea utalii nusu, karo ikakatika, akarudi na suti na mdomo. Alikuwa amejaza pilau shavuni, ikampalia.

"Ya kisimani?" Akakohoa. "Ile ni yangu! Alinipa nilipokwenda chuo, akanionyesha kwa kidole. Likizo zangu zote nilimchimbia kisima hicho hicho!"

"Nyamazeni, watoto nyie," alisema Shangazi Sidi, aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. "Ile ni yangu mimi tangu nilipoachika. Yangoja jogoo."

Wakatazamana. Shangazi Sidi akaacha kukuna.

"Basi minazi ile imeuoa ukoo mzima," alisema Garama. "Twendeni tukasalimiane, wake wenza."

Pale mbele Kabibi alikuwa amepiga magoti, machozi yanamharibia wanja, na Ngowa amemwekea kiganja kichwani kama askofu.

"Nenda kamwambie," alinong'ona Garama.

"Nimwambie nini? Mtoaji akatizwe harusini? Nitafukuzwa kwa mawe."

Ilikuwa kweli. Kwao unaweza kumkatiza mhubiri, humkatizi anayetoa. Kahaso akaitazama shehena nyuma ya banda, kisha mawingu juu yake. Akaweka upawa chini, akafunga leso kiunoni, akaingia uwanjani akicheza na wanawake wanaokwenda kutuza. Alipomfikia Ngowa alimpigia goti zuri kabisa, na aliponyanyuka maikrofoni ilikuwa mkononi mwake.

"Wazee wetu, shikamooni. Mimi ni Kahaso. Baba Mdogo hapendi kusifiwa." Watu wakacheka kwa upendo. "Kwa hiyo hili hatawaambia. Lakini nisiposema nitapasuka. Yale makuti yote yaliyo nyuma ya banda, amenipa niezeke nyumba yangu! Kasema niyachukue leo hii, wakati vijana wako wengi, yabebwe na baraka za harusi!"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele vilivyopigwa hapo, Kabibi hakuvipata hata nusu. Tabasamu la Ngowa lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Musyoka akainuka kwenye kiti. "Mzee, si yale ya Jumatatu?"

Ngowa alimtazama Musyoka. Akawatazama watu, nyuso zote zikimwangalia jinsi alivyopenda kuangaliwa maisha yake yote.

"Mkono..." alisema, "mkono ukishatoa, haurudi."

"Una roho, mzee," alisema Musyoka, akipiga makofi polepole. "Haya. Nitatafuta kwingine."

"Vijana!" Garama alikuwa tayari juu ya shehena, ameshavua koti la suti. "Pilau mmekula, sasa kuti halijibebi! Twendeni!"

Wakayabeba vichwani, msafara mrefu, wanaimba nyimbo za harusi, na kabla jua halijazama shehena yote ilikuwa uani kwa Kahaso.

Garama na wenzake walimwezekea siku ya pili. Kahaso alisimama chini akichagua kuti moja moja kabla halijapanda. Yaliyoshonwa vizuri aliyapeleka juu ya kitanda cha Mbeyu na juu ya mafiga. Ya katikati, yale ya jani hapa na jani kule, aliyaelekeza upande wa mlangoni.

"Hapa patavuja," alisema Garama akiwa juu.

"Najua. Weka."

Mvua ilinyesha wiki ile ile, ukuta ukasimama, Mbeyu akaanza kupoteza kikohozi. Ungedhani basi. Lakini sifa zilikuwa na njia yao. Kanisani walimwombea Ngowa. Kisimani wanawake walimwambia Kahaso, "Mungu akuzidishie baba mdogo kama yule." Wifi alikuja, akalikagua paa, akasema, "Kweli wengine wana ndugu." Miaka yake yote ya kushona ilikuwa imegeuka zawadi ya mtu mwingine, tena kwa kinywa chake mwenyewe. Kila aliposikia jina la Ngowa mate yalimjaa, akatoka nje kuyatema.

Siku moja alipita kwa Ngowa akamkuta Kabibi amekaa pale pale alipokuwa akikaa yeye, mkeka ule ule, hina haijatoka viganjani, anakunja majani.

"Minazi yako imefunguliwa?" Kahaso aliuliza.

"Bado, dada. Anangoja jogoo akue."

"Sikiliza, Kabibi. Weka hilo jani chini. Muulize Shangazi Sidi ile minazi ni ya nani. Muulize Garama. Niulize mimi."

Kabibi alimtazama juu chini, akacheka kidogo. "Dada Kahaso, wivu haukupendezi. Wewe kakuezekea nyumba nzima! Mimi kupewa minazi mitatu tu ndiyo ikuume?"

Kahaso alirudi njia nzima akitema mate kama mjamzito.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua kubwa, na Ngowa akabisha hodi na wageni wa kanisa kutoka Malindi. Alikuwa amewaleta waone. Sauti yake ilianza kuingia kabla ya mwili. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, marehemu. Alikuwa hana pa kulala. Nikasema, hapana! Nikamwezekea. Mtu atatoa akiwa kaburini?"

"Karibuni," alisema Kahaso. "Shikamoo, Baba Mdogo."

Wageni akawakalisha upande wa kitanda, pakavu. Kiti kizuri chenye mikono akakivuta mwenyewe mpaka karibu na mlango. "Hiki ni chako, Baba Mdogo. Kiti cha mwenye paa."

Ngowa alikaa kwa fahari. Akaanza kuwasimulia tena. Tone la kwanza lilimpata utosini. Akapangusa, akaendelea. La pili likaingia ndani ya kola. La tatu halikuwa tone. Akasogea kushoto, maji yakamfuata. Akasogea kulia, yalikuwa yamefika kabla yake. Wageni walikuwa wameinua macho paani, wanaangalia mahali ambapo mbingu ilionekana nyeupe kati ya jani na jani.

"Kahaso," alisema, maji yakimchuruzika puani, "mbona huku kunavuja?"

Kahaso alikuwa akimimina chai. Alimaliza kikombe kwanza.

"Hayo ni ya katikati, Baba Mdogo."