Nilimsingizia Fundi kwa Kosa la Mpira Wangu

Nilikosa mimi, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Jina naficha kwa sababu Nyeri ni mji mdogo na watu wanaonijua kwa uso ni wengi kuliko ninavyopenda.

Baba ana gari aina ya Pijo alilolinunua kabla sijazaliwa. Mwaka huu nilimwomba aniruhusu kuitoa kabureta na kuitia injekta, zile zinazoendeshwa na kompyuta. Akakubali kwa sharti moja: kazi ifanywe na Fundi Muriithi wa mtaa wa Skuta, rafiki yake, mtu pekee aliyewahi kuifungua boneti ya gari hilo.

Kazi ilikwenda vizuri hadi tukafika kwenye mipira ya vakyumu, ile inayotumia mvuto wa hewa wa injini. Breki ya Pijo huhitaji mvuto huo ili pedali iwe laini. Sasa kompyuta nayo ilitaka mpira wake, ipime injini inavuta hewa kiasi gani ndipo ijue imimine petroli kiasi gani. Lakini kwenye manifold, lile bomba linaloingiza hewa kwenye injini, tundu lilikuwa moja tu.

“Hii ya computer inataka shimo yake peke yake,” Fundi aliniambia. “Monday nitatoa manifold nitoboe ingine. Kwa ruracio enda na gari ya kukodi.”

Ruracio yangu, siku ya kupeleka sehemu ya kwanza ya mahari, ilikuwa Jumamosi. Mchumba wangu Nyambura ni wa Othaya, na nilikuwa nimejitapa kwake kwamba nitaingia kwao na Pijo ya kompyuta. Ijumaa nikalichukua gari, nikamwambia Fundi naenda tu kuliegesha nyumbani. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Niliingia kwenye shamba la sukuma la Mama, nikang'oa kiungo cha T kwenye mpira wa kumwagilia matone. Nikakata mpira wa breki katikati, nikachomeka ile T, nikaunga na mpira wa kompyuta, nikafunga kwa ukanda wa tyubu. Gari likawaka mara moja. Nikalizungusha uani, nikajiona injinia kamili.

Sasa, barabara ya Othaya ni mteremko baada ya mteremko, na mteremko unataka breki. Kila nikikanyaga, hewa iliingia kwenye ule mpira wa pamoja, kompyuta ikadanganyika kwamba nimekanyaga mafuta hadi mwisho, ikamimina petroli, injini ikakabwa na kukohoa moshi mweusi. Baba alikuwa kando yangu, wazee wawili nyuma. Mmoja wao alifunga dirisha.

Kwa kina Nyambura akina mama walitupokea kwa wimbo, wamejifunga leso nyeupe, wakalizunguka gari. Nikakanyaga breki kwa heshima zote. Moshi ukawafunika waliokuwa nyuma, injini ikazima, na wimbo ukazima.

Baba yake Nyambura, mwenye pickup kuukuu anayoipenda kama ng'ombe wa maziwa, alikuja akachungulia boneti. “Ni nani alifunga hii engine?”

Hapo ndipo nilipokosa hasa. Nilimtazama Nyambura, nikatazama umati wote ule, nikasema, “Ni Muriithi wa Skuta.”

“Ati Muriithi? Na nilikuwa nimpelekee pickup yangu wiki ijayo. Wacha basi.”

Baba aliinamisha kichwa. Tuliporudi alilifunika gari kwa turubai, na akaacha kupita Skuta, alikokuwa akinywa chai na Fundi kila Jumamosi.

Wiki ya tatu Fundi akanipigia simu. “Baba yako ananipita tu kama hanioni. Kwani nilimkosea wapi?”

Nikamwambia sijui. Siku hiyo chakula kilinishinda. Niliona aibu mpaka nikajichukia.

Kesho yake nilimweleza Baba yote na kumpa ile T mkononi. Aliigeuzageuza. “Hii si ni ya sukuma ya mama yako?” Kisha akasema, “Jina ya mtu uliharibu Othaya. Huko ndiko utaenda kuitengeneza.”

Tulipitia Skuta kwanza. Fundi alinisikiliza huku akifuta mikono. “Nilijua kuna kitu,” alisema. “Lakini sikudhani ni wewe. Wewe nimekuona tangu ukibebwa mgongoni.” Afadhali angenitukana.

Tukaenda Othaya sote watatu. Nikasimama mbele ya baba mkwe nikakiri kwamba nilidanganya, nikijua anaweza kuniambia hapo hapo nimsahau binti yake. Akamgeukia Fundi. “Pole, Muriithi. Pickup iko hapo nyuma. Haina nguvu kwa mlima.”

Wanaume wote wakaondoka kwenda kuitazama. Nami nikafuata.

“Wewe rudi,” baba mkwe akasema. “Jikoni kuna viazi. Hapa hatutaki mkono yako.”

Nyambura alinisukumia beseni na kisu, na hakucheka.

Wenzangu mnaotia injekta magari ya wazee wenu, mpira wa kompyuta uwe na tundu lake. Na mkiulizwa nani aliufunga, mtajeni aliyeufunga. Fundi ana pickup ya kutengeneza na Baba amerudi kwenye chai yake Skuta. Mimi nilimenya debe zima la viazi, na siku ya kurudi kumalizia ruracio bado sijapewa.