Meno Yangu Yamebaki Kwenye Tishari

Aibu niliyoipata mimi baharini sijui kama kuna mtu mzima mwingine Tanga hii ameshawahi kuipata, na kama yupo basi amenyamaza, na mimi pia ningenyamaza kama si kwamba nusu ya mtaa wa Mabawa wanaijua tayari na wanaisimulia kwa kuongeza chumvi. Afadhali mnisikie mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni mshereheshaji wa harusi, mdomo ndio jembe langu. Msichokijua (siku zile ilikuwa hamkijui) ni kwamba meno yangu mawili ya mbele, ya juu, ni ya bandia. Yale ya kuzaliwa niliyaacha zamani kwenye njia ya kwenda Amani, kule milimani, nilipopakiwa kwenye pikipiki pamoja na gunia la iliki, tukateleza kwenye tope, gunia likaangukia upande wa nyasi na mimi upande wa jiwe. Nikatengenezewa kipande cha plastiki kinachokaa juu kwenye kaakaa, kina meno mawili mazuri kuliko yale ya mwanzo, na maisha yakaendelea. Hakuna aliyejua. Hata Rukia, mchumba wangu, hakujua, na hasa yeye sikutaka ajue, maana alishamrudisha mposaji mmoja kwa sababu yule bwana alificha kuwa ana mke Muheza. Mimi nilijiambia meno si mke, lakini sikutaka kulijaribu hilo wakati posa imeshapokelewa, naye mama yake, Bi Zuhura, ameshaanza kuulizia mapishi.

Sasa Rukia ana kaka yake mkubwa anaitwa Nassoro, kazi yake ni kuzamia na wageni, anawavisha mitungi ya hewa na kuwapeleka chini kutazama matumbawe na vyombo vilivyozama. Jumamosi moja boti yake ilikuwa na nafasi, akanipigia simu.

"Shemeji, njoo uione bahari yenu kwa chini. Umezaliwa Chumbageni unaijua kwa juu tu."

Rukia akasema naye atakuja, atakaa botini atusubiri. Ningekataaje?

Kabla ya kuondoka Nassoro alituuliza maswali, mimi na wageni wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, watu wapole. Nani ana pumu, nani ana moyo, nani masikio yanamsumbua, wote tunatikisa vichwa, halafu akauliza, "Kuna mwenye meno ya bandia? Kama yapo yanavuliwa, yanabaki huku juu." Rukia alikuwa amekaa mbele yangu anamenya chungwa. Nikasema, "Mimi mzima kabisa." Basi, kosa lenyewe ndilo hilo, mengine yote yalifuata yenyewe.

Tukafanya kwanza mazoezi mahali pa kina kifupi. Unang'ata kipande cha mpira, hewa inakuja humo kutoka kwenye mtungi, na unafundishwa kukitoa mdomoni na kukirudisha bila kumeza maji. Kila nilipokitoa nilisikia kile kiplastiki changu kinacheza juu kwenye kaakaa, nikakisukuma kwa ulimi kikarudi mahali pake, nikainua kidole kumwonyesha Nassoro kuwa mambo mazuri.

Halafu tukashuka penyewe. Huko chini kuna tishari, lile jahazi la chuma la kupakulia mizigo ya meli, lilizama zamani na limelala ubavu, limeota matumbawe mpaka huoni chuma, na samaki wa rangi za kanga wanaingia huku na kutokea kule kama watu wa nyumba moja. Niseme kweli, nilisahau kila kitu. Mimi ninayesema kutwa nzima nilikuwa mahali pasipo na neno na wala sikulitafuta. Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nyingine kabisa.

Nassoro akatoa kamera. Akanionyesha nikae karibu na ubavu wa tishari, nikakaa, akaniinulia mkono kuwa tayari, na mimi (kazi imeshanikaa mwilini, nikiona kamera natabasamu) nikaona tabasamu halitaonekana na mpira ule mdomoni, nikautoa, nikakenua. Nikahisi maji ya baridi mahali ambapo hayakupaswa kufika. Nikayaona meno yangu yanateremka polepole, yanayumba kama jani, mpaka kwenye tundu la tishari. Humo ndani kulikuwa na samaki chewa, kichwa kama sufuria. Akayatazama. Akarudi nyuma kuyapisha, yakaingia.

Nikarudisha mpira mdomoni na kupanda juu nikiwa nimefunga midomo kama mtu aliyeapishwa.

Botini Rukia akaniuliza, "Vipi, umeonaje?" Nikaitikia kwa kichwa kuwa vizuri. Akauliza tena, nikaitikia tena. Kumbukeni huyu ni mtu ambaye hajawahi kuniona nimekaa kimya, hata kwenye msiba huwa naombwa nipunguze. Akamwita kaka yake. Nassoro akanikazia macho, uso wake ukabadilika, maana wazamiaji wana ugonjwa wao wa kupanda kutoka chini vibaya, unampata mtu hata kwenye ubongo, na yeye amefundishwa dalili zake.

"Shemeji, tabasamu kidogo."

Nikatabasamu kwa midomo iliyofungwa, na ukijitahidi kuziba pengo tabasamu linakwenda upande mmoja.

"Upande wa kushoto umelala," Nassoro akamwambia nahodha, taratibu. "Sema jina lako, shemeji."

Hapo nikaona nijitoe, nikaweka mkono mdomoni nikasema, "Thaidi."

Naitwa Saidi. Rukia akaanza kulia.

Nikalazwa chali, nikawekewa kifuniko cha hewa usoni, yule mgeni wa Kizungu akanishika miguu na mkewe akanipepea kwa kofia yake, na boti ikageuzwa kwa kasi ambayo sikujua kama inayo. Mtauliza kwa nini sikusema pale pale. Nilitaka. Lakini kila nilipojiandaa jambo lilikuwa limeshakua, kwanza nimewaharibia wageni safari yao, halafu nimeshamliza mchumba, halafu nasikia Nassoro yuko kwenye simu na mama yake anasema, "Mama, mwombeeni," na mtu ambaye ameshaanza kuombewa anainukaje akasema ni meno?

Ufukweni gari lilikuwa linasubiri, na hospitali Bi Zuhura alikuwa ameshafika na shangazi wawili wa Rukia, mmoja ana tasbihi. Nikapitishwa mbele yao kwenye machela. Shikamoo yenyewe ilinishinda, nilimwamkia mama mkwe kwa nyusi.

Daktari alikuwa dada mmoja mtulivu sana. Akanipima mikono, akanipima miguu, akasema nifumbue mdomo. Nikatikisa kichwa. Akaniangalia kidogo, kisha akaniminya pua kama mtoto anayegoma dawa, na hewa ilipoisha mdomo ukafunguka wenyewe. Akamulika tochi.

"Meno mawili ya mbele hayapo," akasema. "Asubuhi yalikuwepo?"

"Yalikuwepo," Rukia akajibu.

"Basi huenda ameyameza, au yameingia kwenye njia ya hewa. Apelekwe akapigwe picha."

Muuguzi akashika machela. Ndipo nikasema, kwa sauti ambayo hata mlinzi mlangoni aliisikia, "Hapana. Thi yangu. Ya bandia. Yako kwenye tithari."

Daktari akazima tochi. Shangazi mwenye tasbihi akaitia kwenye mkoba. Bi Zuhura akasema, "Alhamdulillahi, nilidhani ni ubongo," akakaa kwenye benchi. Rukia alijifuta macho, akajifunga mtandio vizuri, akaondoka.

Simu zangu hakupokea. Nilipiga mpaka nikaona haya mwenyewe, nikakaa nyumbani na pengo langu nikielewa ilikuwaje kwake pale botini, kumwuliza mtu na asikujibu. Mwishowe Nassoro akaniletea ujumbe: niende kwao Mabawa nikaongee na mama, na niende na mdomo jinsi ulivyo, nisisubiri meno mapya.

Nikaenda. Nikaeleza yote, pikipiki, iliki, jiwe, na kila neno lenye herufi ile lilitoka na filimbi. Bi Zuhura alinisikiliza bila kucheka, akafikiri, akaniuliza, "Baba, kuna kingine cha kuvuliwa? Jicho, mguu?"

"Hakuna, mama. Vingine vyote vimethikana."

"Apa."

"Wallahi."

Rukia alikuwa amesimama kwenye pazia. "Pengo si kitu," akasema. "Lakini nimekulilia mbele ya Wazungu, Saidi. Nilishaanza kufikiri nitamwambia nini mama yako." Nikamwambia nisamehe, na hilo neno nalo linayo herufi ile. Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika, na nilikaa pale nisijue analia tena au vipi, mpaka nikasikia anasema ndani ya mtandio, "Hebu sema Sahare."

"Thahare."

"Sema samaki sita."

Nikasema. Mama yake naye akaangalia pembeni.

Tumeoana. Nassoro ile picha, ambayo siku ile hata hakuitazama, anayo, ameituma kwa ukoo mzima, mimi nimekenua na meno yapo katikati ya safari, na mwenye macho mazuri anamwona na chewa. Kuzamia sizamii tena, nimeapa. Na nikitaka kuficha kitu siku hizi, hata kidogo, kwanza najiuliza kama niko tayari kubebwa kwenye machela kwa ajili yake mbele ya mama mkwe. Mara nyingi siko tayari, basi nakisema.