Mama Hapigi Kelele

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, ukungu wa Mlima Meru umeshuka hadi migombani ingawa watu ndiyo kwanza walikuwa wanatoka ibadani. Nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu kuliko akili. Tulijazana sebuleni kwa mwalimu, jirani yetu, mwenye televisheni pekee kule juu. Aliiwasha kwa betri ya gari, na sharti lake lilikuwa moja tu, kukaa kimya. Sharti hilo lilinishinda.

Mgonjwa wa kwenye tamthilia akizinduka hospitalini na hereni masikioni, nasema. Nyumba ya maskini ikiwa na mapazia mapya, nasema. Watu walicheka, nami kichwa kikavimba. Siku hiyo ilionyeshwa hadithi ya kijana aliyesadikiwa amekufa. Mlango unagongwa, mama yake anafungua, kijana huyo amesimama mbele yake. Mama akapiga yowe, akaangusha trei ya vikombe, akazimia.

"Aisee, uongo gani huu!" nikasema. "Marehemu anarudi na viatu vimepigwa rangi! Nani atamwamini mwandishi huyu?"

Walicheka wote isipokuwa Bibi Anaeli, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa mlimani. Mwanawe wa pekee, Elirehema, alikwenda kuchimba madini, shimo likamfunika, mwili usipatikane. Ukoo ulichimba kaburi ukazika mgomba badala yake, maana msiba usio na kaburi hauishi.

"Marehemu kurudi, naamini," Bibi akasema taratibu. "Huyo mama ndiye nisiyemwamini. Mama hapigi kelele."

"Umejuaje, Bibi?" nikamuuliza.

"Mimi sikupiga."

Vichwa vyote vikamgeukia, televisheni ikaendelea kuongea peke yake. Ujue, mwanangu, tayari watu walikuwa wananong'ona kwamba Bibi amechanganyikiwa, anamimina chai ya mtu asiyekuwepo. Shemeji zake walipanga kuja kesho yake kumhamishia kwa ndugu Usa River na kuifunga nyumba yake. Sasa alikuwa amekiri mbele za watu, na aliyemuuliza ni mimi. Niliona aibu.

Akanyanyuka, akaniomba nimsindikize kwa sababu ya ukungu. "Umecheka sana, mjukuu wangu," akaniambia njiani. "Twende ukanywe chai kwangu, halafu ucheke tena."

Mbwa wake alikuwa mkali. Hata mimi niliyekulia jirani alinibwekea mpaka alipokemewa. Tukaingia jikoni, nikakaa katikati ya benchi refu kando ya moto. Bibi akamimina chai vikombe vitatu. Nje hapakuwa na upepo wala sauti ya mtu, ila matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba.

Kisha nikasikia kikohozi kifupi, kile cha mwanaume anayejitangaza kabla ya kuingia kwa watu. Mbwa akainuka. Hakubweka. Alilaza masikio, akatikisa mkia, na macho yake yakafuata kitu kutoka mlangoni, polepole, kikapita moto, kikaja hadi kwenye benchi, ubavuni kwangu.

"Chai yako hiyo, baba," Bibi akasema, kama mama anavyomwita mwanawe. Hata kichwa hakuinua, alikuwa anachochea kuni.

Na mimi je, niliyejua vizuri watu wanavyofanya wakiona maajabu? Sikupiga yowe, wala sikukimbia. Nilivuta sketi yangu nikasogea hadi mwisho wa benchi. Hakuna aliyeniambia nisogee. Bega langu la upande ule lilipoa, nami sikugeuza shingo mpaka nilipomaliza chai.

Kesho yake shemeji zake wakafika, nami nikaitwa jikoni kwa Bibi kwa kuwa nilionekana nikiingia pale. Nikawaamkia. Mkubwa wao akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Binti, wewe hunyamazi kwa lolote. Ulimwona mtu humu?"

"Sikumwona, baba."

Bibi akainamisha macho.

"Lakini nilisogea," nikaongeza. "Nilimpisha akae."

Ndipo nilipolitazama lile benchi. Mzee yule alikuwa amekaa mwisho huu, mdogo wake mwisho ule, na wengine watatu wamesimama wima. Katikati hapakuwa na mtu. Naye akaona nilichokiona. Wakanywa chai yao, wakaaga, na habari ya Usa River haikutajwa tena. Bibi Anaeli alifia nyumbani kwake, kitandani kwake.

Sasa, mwanangu, jana umenionyesha kwenye simu kipande cha tamthilia mnayotengeneza na wenzako hapa mtaani Sakina, ukaniuliza kama watu watakiamini. Mjane wako anasikia sauti ya mumewe, anapiga mayowe mtaa mzima unajaa. Mzimu wako sina ugomvi nao. Watazamaji watakusamehe mfu akitembea, ila hawatakusamehe aliye hai akifanya kisichofanywa na walio hai. Kabla hujaandika yowe, jiulize mkono wa mama huyo ungeshika nini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo nenda kwanza ukakae na waliofiwa. Na mtu akikusimulia usiloliamini, usiwe mwepesi wa kucheka kama nilivyokuwa mimi. Mpishe kwanza akae.

Mungu akupe jicho linaloona na mdomo unaongoja, kazi ya mikono yako ipate wa kuiamini. Na hapa kwangu usikome kuja, hata siku utakayokuta nimeshatangulia. Ingia tu, umimine chai, ukae. Nitasogea.