Moto Alioufunga Baba

Usiku ule nilipanda kitandani nimefura, na marehemu baba akanikuta vivyo hivyo.

Mchana wake mama alikuwa amezimia ndani ya gari, kwenye foleni ya Ubungo, tukitoka kliniki. Gari lenyewe ni la baba, dogo la saluni, kuukuu, la bluu, aliloliendesha Njombe miaka nenda rudi mpaka alipofariki. Mama alipohamia kwangu Dar es Salaam alikuja nalo kama mtu anavyokuja na sanduku lake la nguo. Na gari lile linapuliza moto. Sisemi joto, nasema moto! Ukiwasha kiyoyozi, linakupulizia usoni hewa ya jikoni. Ukizima, vilevile. Ukishusha vioo, jua la Dar nalo linaingia kusaidia. Mama ana presha, na kifua chake kibovu. Nikageuka kumwambia kitu, nikaona kichwa kimelala kwenye mkanda. Nikaita, "Mama!" Haitiki. Vijana wanaouza maji barabarani ndio walionisaidia kummwagia maji mpaka akafumbua macho.

Jioni akaja kaka yangu Festo. Hata kiti hakuvuta.

"Kesho asubuhi naleta mnunuzi," alisema. "Hili gari litatuulia mama."

Mama akamjibu palepale alipojilaza. "Gari la baba yenu likiondoka, na mimi naondoka. Narudi Njombe, nikalale nyumbani kwangu."

Hakuwa anatania, mama yangu hatanii. Na daktari alishatuambia wazi kwamba kifua kile hakitavuka kipupwe kingine cha Njombe, sembuse akiwa peke yake kwenye nyumba ile kubwa. Kwa hiyo tukiuza gari, mama anakwenda kufa kwa baridi. Tukibaki nalo, anakufa kwa joto mikononi mwangu. Haya, chagua! Nilimtazama Festo, Festo akatazama simu yake.

Halafu kuna Shabani, fundi wa viyoyozi. Jamani, yule mtu! Kila nikimpelekea gari anachungulia kwenye boneti kwa muda wa kupiga chafya, anainuka: "Gesi imeisha, dada." Anajaza gesi. Naondoka na moto uleule. Narudi. "Gesi imeisha tena, dada." Siku moja nilimwonyesha kile kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi, chenye alama nyekundu na ya bluu, nikamwuliza mbona kinazunguka ovyo, hakishiki popote. Akacheka mpaka akaegemea tairi. "Hiyo ya hita, dada. Dar hii, hita ya nini?" Na mimi mjinga nikacheka naye.

Lakini hasira kubwa kuliko zote nilimwekea baba. Baba hakuwa mtu wa kusema. Kitu kikiharibika nyumbani, alikata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli akakifunga. Geti, mpini wa jembe, mkono wa miwani yake, mlango wa banda la kuku, vyote mpira. Anazungusha, anavuta kwa meno, anachomeka ncha ndani ya fundo, anaondoka zake. Hasemi nini kiliharibika wala amefanya nini. Akafa vivyo hivyo, usingizini, bila hata kutuaga. Msibani watu wakasimama mmoja mmoja wakisifu upole wake. Upole gani? Akatuachia gari linalooka watu!

Nilizima taa nikamsema kwa sauti, mle gizani. "Baba, kama una neno, njoo ulitoe. Ukiwa hai hukusema."

Basi akaja.

Nilijikuta nimekaa kwenye usukani, foleni ileile, jua lilelile, ila kulikuwa kimya na magari yote hayakuwa na watu. Kiti cha nyuma kikalia. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona baba amekaa katikati, mikono juu ya mapaja, amevaa lile koti lake zito la sufu na kofia ya kufuma.

"Kamwene," akasema.

Ndiyo salamu ya kwetu Njombe. Sikuitikia. Nilijua amekufa, na nilijua yupo nyuma yangu, na wala sikuona ajabu. Kilichonichoma ni lile koti. Sisi tunaokwa humu kama mkate, yeye anakuja amevaa sufu!

"Unaliona gari lako?" nikamwambia. "Unaliona?"

Anatazama nje, nami natazama anakotazama, na nje si Ubungo tena. Ni ukungu, ule wa kwetu wa mwezi wa Juni, mzito hadi barabara haionekani. Sasa mimi ndiye niliye kiti cha nyuma. Baba anaendesha, na kando yake yupo mama, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anakohoa. Kikohozi kile nakijua, nilikuwa nakisikia kwenye simu kipupwe kizima. Baba anapeleka mkono kwenye dashibodi, anazungusha kitufe kuelekea nyekundu. Anaweka kiganja kwenye matundu ya hewa. Anazungusha tena. Mama meno yanagongana, na mimi nasikia yanavyogongana. Baba anasimamisha gari katikati ya ukungu, anashuka bila kusema neno.

Nami nashuka. Ameshafungua boneti, mvuke unapanda unachanganyika na ukungu. Nasimama nyuma yake namwaga yote: mama alivyozimia, Festo na mnunuzi wake, Shabani na gesi yake, na ile asubuhi tulipopigiwa simu kwamba baba hajaamka. Naongea mpaka pumzi inakata. Yeye ameinama tu. Ametoa kitu mfukoni, anafanya kazi kule nyuma ya injini, na mgongo wake umenizibia nisione. Mgongo uleule ulionizibia tangu utoto! Nikamkamata koti nikavuta.

"Geuka! Niambie unafanya nini!"

Akageuka, na tulikuwa gereji kwa Shabani. Mtungi wa gesi umesimama kati yetu. Shabani mwenyewe yupo, amenyoosha kidole kwenye gari, anasema, "Imeisha, imeisha, imeisha," hanyamazi, hapumui. Baba anamtazama. Sijawahi kumwona baba na uso ule. Mishipa imemsimama shingoni.

"Gesi haiishi," akasema. "Inatoka. Kama haijatoka, imo."

Kufumba na kufumbua, Shabani hayupo, wala mtungi. Tumebaki mimi na baba na lile gari, injini inanguruma, na hapa pana giza na mwanga kwa pamoja. Ananishika mkono. Mkono wake mkavu, mgumu, kama ulivyokuwa. Anauingiza mkono wangu chini ya boneti.

"Achana na maneno ya watu," akasema. "Shika mabomba."

Nagusa bomba la chuma la kiyoyozi. Baridi! Lina jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji sasa hivi. Ananisogeza mkono mpaka nyuma kabisa, kwenye mipira miwili iliyolala pamoja. Nikaruka. Mipira inaunguza.

"Baridi ipo," nikasema. "Sasa huu moto unatoka wapi?"

Hapo akainamisha kichwa. Ni mara ya kwanza naona baba anaona haya mbele yangu.

"Nilifunga mimi," akasema taratibu. "Fungua, ndipo ufunge."

"Nini? Baba, sema vizuri! Nifungue au nifunge?"

Anarudi nyuma. Ukungu umerudi, na ndani yake naona jiko letu la Njombe, mlango uko wazi, moto unawaka chini ya sufuria ya viazi, hakuna mtu. Baba anaelekea huko. Namfuata, miguu mizito, napiga kelele kama mwendawazimu. "Usiondoke tena hivyo! Hujasema! Siku zote husemi!"

Akasimama. Akavua lile koti la sufu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boneti. Ndani alikuwa na shati la mikono mifupi, jembamba, kama mtu aliyezaliwa huku pwani. Akanitazama usoni.

"Mwambie mama yako baridi imeisha."

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, muadhini anamalizia. Msinidhanie nilifarijika, la. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyolala. Mtu anatoka ahera na mafumbo? Fungua, ndipo ufunge! Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unawasha pale nilipougusa ule mpira. Nikajifunga kanga, nikachukua ufunguo wa gari, simu na kisu cha vitunguu, nikatoka uani.

Nikawasha injini, nikaiacha ipate moto. Nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Nikainua boneti, nikapeleka mkono kwenye lile bomba la chuma. Baridi. Linatoka jasho, matone yanadondoka chini. Kwa hiyo kiyoyozi ni kizima! Gesi imo! Miezi yote ile kilikuwa kizima, na Shabani ananijazia gesi juu ya gesi.

Nikasogeza mkono nyuma, polepole safari hii. Mipira miwili inayopeleka maji ya moto ya injini kwenye hita, kule ndani ya dashibodi, ilikuwa inaunguza. Nikawasha tochi ya simu nikaufuata mmoja mpaka mwisho. Nikaona koki ndogo, imejificha kabisa. Ndiyo inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye hita au kuyazuia. Waya unaotoka kwenye kile kitufe cha dashibodi ulikuwa umekatika, unaning'inia tu. Na mkono wa koki umevutwa mpaka mwisho upande wa kufungulia, halafu umefungwa hapohapo kwa kipande cheusi cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Ncha imechomekwa ndani ya fundo.

Alikuwa ameifunga koki ili isijifunge. Waya ulikatika kipupwe kile, hita ikafa, mama anakohoa anatetemeka kwenye kiti, naye akafunga kwa mpira moto ubaki wazi wakati wote. Akafa, hakumwambia mtu. Gari likaja Dar na moto wake. Kiyoyozi kinatengeneza baridi, hita inaichemsha kabla haijatufikia, na sisi tunazimia.

"Ungesema!" nililipuka, nikapiga boneti kwa kiganja. "Neno moja, baba! Moja tu! Ungemuua mkeo!"

Jirani alifungua dirisha akalifunga. Nilijaribu fundo kwa kucha, likagoma, fundo la baba halijawahi kufunguka kwa mtu mwingine. Nikalikata kwa kisu. Kisha nikausukuma mkono wa koki kwa dole gumba, ukagoma, nikausukuma kwa hasira zangu zote, koki ikafunga.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia fremu.

"Unagombana na nani saa hizi?"

"Ingia garini, mama."

"Mimi? Nikafie humo?"

"Mama, naomba uingie."

Akaingia kwa shingo upande, mguu mmoja akauacha nje. Nikaurudisha ndani, nikafunga mlango, nikazunguka nikakaa kwenye usukani. Mwanzoni hewa ilitoka ya moto, mama akanikata jicho. Halafu ikawa vuguvugu. Halafu ikapoa. Halafu, jamani, ikaja baridi ya kweli, baridi ya Njombe, ikampiga kifuani ikampeperusha pindo la kanga. Nikamwekea kile kipande cha mpira kiganjani. Akakigeuza mara moja tu, hakuuliza ni cha nani.

"Aliifunga hita ikae wazi," nikasema. "Kwa ajili ya kifua chako. Amenijia usiku, mama. Amesema nikwambie baridi imeisha."

Mama alitazama matundu yale yanavyompulizia. Akaivuta kanga mpaka mabegani, akajikunyata.

"Muongo," akasema. "Baridi imeisha, na hii je? Yule mwanamume muongo!"

Ndipo akalia. Msibani hakulia, watu walimsema sana kwa hilo. Sasa alilia kwa hasira, anajichapa pajani na kile kimpira, anamwita baba kwa jina, anamwuliza ni nani alimwambia afe bila kumwamsha. Sikumbembeleza, maana hata mimi nilikuwa na swali hilohilo. Nilipunguza feni kidogo nikamwachia amalize.

Mlango wa upande wake ukafunguliwa ghafla. Alikuwa Festo, na nyuma yake bwana mmoja mnene anayeyakagua matairi kwa ncha ya kiatu.

"Mama, shuka," Festo akasema. "Mgeni amekuja kuangalia gari."

Mama hakugeuza hata shingo. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akafunga mkanda.

"Funga mlango, Festo," akasema. "Baridi inatoka."